Kutenganisha Maji kwa Mwanga wa Jua: Vichocheo vya Matabaka Membamba na Rasilimali za Kibaha na Kisarawe

Na Mwandishi Wetu, Pwani

Maji ya Mto Ruvu huvutwa Mlandizi, wilayani Kibaha, husafishwa katika mtambo wa Ruvu Juu wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, kisha husukumwa kuelekea Kibaha Mjini, Kibamba na Dar es Salaam. Sehemu ya maji hayo hupandishwa kutoka Kibamba hadi Kisarawe, mji wa vilimani ambao kwa miaka mingi ulikosa maji ya uhakika. Katika vilima hivyo hivyo vya Kisarawe na Pugu kuna hazina kubwa ya udongo mweupe wa kaolini, unaojulikana na kuchimbwa tangu enzi za ukoloni. Juu ya maji na udongo huo kuna jua ambalo, kwa wastani wa nchi yetu, huleta kati ya uniti 4 na 7 za nishati katika kila mita moja ya mraba kwa siku.

Maji, udongo wa matabaka na jua ni vitu vitatu vinavyokutana katika moja ya maswali magumu ya sayansi ya nishati duniani: je, inawezekana kutandaza unga wa bei nafuu juani, kupitisha maji juu yake, na kuvuna haidrojeni bila nyaya wala mitambo mikubwa? Makala haya yanaeleza jinsi wanasayansi wanavyobuni unga huo, umefika wapi, na Mkoa wa Pwani una nafasi gani katika jambo hilo. Maelezo haya ni muhimu kwa sababu neno "haidrojeni ya kijani" sasa linasikika mara kwa mara katika matangazo ya uwekezaji, na mwananchi anastahili kuwa na kipimo cha kupima anachoambiwa.

Haidrojeni ni nini kwa mwananchi wa kawaida

Molekuli ya maji imeundwa kwa atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni. Kilo 9 za maji zikitenganishwa kikamilifu hutoa kilo 1 ya haidrojeni na kilo 8 za oksijeni. Kilo hiyo moja ya haidrojeni ikichomwa hutoa nishati ya takribani uniti 33, na kinachobaki baada ya kuungua ni maji tena. Kwa hiyo maji si kuni. Maji ni jivu la haidrojeni. Nishati inayopatikana haidrojeni inapoungua haiwezi kuzidi ile iliyotumika kuitoa katika maji. Anayedai kuwa na gari linalotembea kwa maji matupu anadai kwamba jivu linaweza kuwaka mara ya pili.

Dunia tayari hutumia zaidi ya tani milioni 90 za haidrojeni kwa mwaka. Sehemu kubwa yake hutengenezwa kutokana na gesi asilia na makaa ya mawe, na kwa njia ya gesi asilia kila tani ya haidrojeni huambatana na tani 9 au zaidi za hewa ya ukaa. Matumizi yake makubwa ni katika viwanda vya kusafisha mafuta na katika utengenezaji wa amonia, ambayo ndiyo mama wa mbolea ya yurea. Mkulima wa mahindi anaponunua mfuko wa yurea hununua pia, bila kujua, haidrojeni iliyotokana na gesi ya nchi nyingine pamoja na gharama ya kuisafirisha. Hapo ndipo suala hili linapogusa mfuko wa Mtanzania kwa karibu kuliko linavyogusa jiko lake.

Kwa nini Ruvu haichemki haidrojeni juani

Mto Ruvu umepigwa na jua kwa karne nyingi na haujawahi kutoa haidrojeni. Sababu ni kwamba maji hayafyonzi mwanga unaoonekana kwa kiwango cha kuyavunja. Anahitajika mpatanishi kati ya jua na maji, naye ni aina ya mada iitwayo nusu-kipitishi, yaani mada iliyo kati ya chuma kinachopitisha umeme na kioo kisichopitisha. Mwanga unapoipiga, elektroni moja hupata nguvu na kuruka ngazi ya juu, ikiacha nyuma nafasi tupu inayoitwa tundu. Elektroni ikifika kwenye uso wa mada hiyo huungana na chembe za maji na kutoa haidrojeni. Tundu nalo likifika usoni hunyang'anya maji elektroni, na oksijeni hutoka. Mada yenyewe haiishi wala kubadilika, ndiyo maana huitwa kichocheo.

Kimo cha ngazi hiyo kina masharti. Maji hayatengani chini ya volti 1.23, na katika utendaji huhitajika zaidi ya hapo kwa sababu kila hatua ina hasara yake. Ngazi ikiwa fupi mno, elektroni haina nguvu ya kutosha. Ikiwa ndefu mno, ni mionzi mikali tu inayoweza kuipandisha, na mionzi hiyo ni michache katika mwanga wa jua. Aidha, ngazi ikiwa ya kimo sahihi lakini imesimama mahali pasipolingana na mahitaji ya maji, haitafaa kitu.

Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walichapisha matokeo yaliyofungua uwanja huu. Walionyesha kwamba titani dioksaidi, unga mweupe uleule unaotumika katika rangi za kuta, ukiunganishwa na platini na kumulikwa, hutenganisha maji. Furaha ilikuwa kubwa, na mafuta yalipopanda bei mwaka uliofuata ikawa kubwa zaidi. Hata hivyo titani dioksaidi ina ngazi ya volti 3.0 hadi 3.2. Hutumia mionzi ya urujuanimno pekee, ambayo ni takribani asilimia 4 hadi 5 tu ya nishati ya jua. Asilimia zaidi ya 90 inayobaki huupita unga huo bila faida.

Tatizo la safari, na dawa ya wembamba

Kimo cha ngazi ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili, ambayo kwa maoni ya mwandishi ndiyo kubwa zaidi, ni safari. Elektroni na tundu vikishaachana hutamani kurudiana, na vikirudiana nishati yote hupotea kama joto. Katika vichocheo vingi kurudiana huko hutokea ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, pengine bilioni moja ya sekunde au pungufu, ilhali kitendo cha kutoa haidrojeni au oksijeni kwenye uso huchukua muda mrefu zaidi. Chembe nene ya unga ni kama nyumba yenye vyumba vingi: aliyezaliwa chumba cha ndani hufa kabla ya kufika mlangoni.

Ndipo wanasayansi walipogeukia mada za matabaka. Chukua doti za khanga zilizopangwa dukani, moja juu ya nyingine. Kila khanga ina nyuzi zilizofumwa kwa nguvu, lakini kati ya khanga na khanga hakuna mshono. Unaweza kuivuta moja bila kuichana nyingine. Madini kadhaa yamejengwa hivyo hivyo. Atomu zake zimeshikana kwa nguvu ndani ya tabaka, na tabaka moja hushikana na jingine kwa nguvu hafifu. Ukilitoa tabaka moja peke yake unapata karatasi yenye urefu na upana, huku unene wake ukiwa wa atomu chache tu. Ndiyo sababu huitwa mada za vipimo viwili. Tabaka moja la molibdeni disalfaidi, kwa mfano, lina unene wa takribani nanomita 0.65, wakati unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Katika karatasi ya namna hiyo elektroni huzaliwa mlangoni. Haina safari ya kwenda.

Madini ya kinywe, yanayopatikana kwa wingi Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi, ndiyo yaliyofungua mlango huu. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walitumia utepe wa gundi wa kawaida kuambua kinywe tabaka baada ya tabaka hadi wakapata tabaka moja, linaloitwa grafini. Mwaka 2010 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Grafini yenyewe haina ngazi, hivyo haiwezi kuwa kichocheo cha mwanga ikiwa peke yake. Kazi yake katika uwanja huu ni kuwa barabara ya kupitishia elektroni kutoka katika mada nyingine.

Wembamba una bei yake, na hapa ndipo neno "kubuni" linapopata maana. Tabaka moja la grafini hufyonza asilimia 2.3 tu ya mwanga unaolipiga. Karatasi nyembamba inayookoa elektroni zote lakini inayoacha mwanga mwingi upite haina tija. Mbunifu hulazimika kurundika karatasi nyingi bila kuziruhusu zigandamane, maana zikigandamana zinarudi kuwa jiwe. Tena unene hubadilisha ngazi yenyewe. Molibdeni disalfaidi ikiwa nene ina ngazi ya takribani volti 1.2 hadi 1.3, ambayo baada ya hasara za njiani haitoshi kutenganisha maji. Ikiwa tabaka moja, ngazi hiyo hupanda hadi karibu 1.8 au 1.9. Mada ni ileile ya kikemia. Kilichobadilika ni idadi ya matabaka. Fundi wa kawaida hubadilisha sifa kwa kubadilisha malighafi, lakini huyu hubadilisha kwa kuhesabu matabaka.

Mfano unaoeleweka kwa urahisi zaidi ni kaboni nitraidi yenye muundo unaofanana na wa kinywe. Mwaka 2009 kundi la watafiti lililowajumuisha Xinchen Wang na Markus Antonietti lilionyesha kwamba mada hii, isiyo na metali yoyote ndani yake, inaweza kutoa haidrojeni kutoka katika maji kwa mwanga unaoonekana. Ngazi yake ni volti 2.7. Rangi yake ni ya manjano, na rangi hiyo inatoa siri yake: imefyonza sehemu ya buluu ya mwanga na kurudisha iliyobaki. Inaweza kutengenezwa kwa kupasha moto yurea hadi karibu nyuzi joto 550 katika chombo kilichofunikwa. Wananchi wanaonywa wasijaribu jambo hili nyumbani, kwa kuwa yurea ikipashwa moto hutoa amonia na gesi nyingine zenye madhara. Kwa maabara yenye tanuri na bomba la kutolea hewa, hata hivyo, hii ni malighafi ya bei ndogo kabisa.

Kuweka kila kitu mahali pake

Kichocheo kizuri huhitaji wasaidizi. Uso wa nusu-kipitishi kwa kawaida hauwezi kuunganisha atomu za haidrojeni haraka, kwa hiyo hubandikwa vipande vidogo vya platini au rodi, metali adimu na za bei kubwa. Molibdeni disalfaidi ilipata umaarufu kwa sababu inaweza kushika sehemu ya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Mwaka 2007 ilithibitishwa kwamba kazi hiyo hufanyika kwenye kingo za karatasi, huku uso wake mpana ukiwa umelala tu. Tangu hapo wabunifu wamekuwa wakitoboa karatasi hizo na kuzikata vipande vidogo ili kuongeza kingo.

Somo kubwa la mpangilio lilitoka Japani mwaka 2020. Watafiti walichukua kichocheo cha stronshiamu titaneti kilichoongezwa alumini kidogo, wakabandika wasaidizi wa haidrojeni kwenye nyuso fulani za kila chembe na wasaidizi wa oksijeni kwenye nyuso nyingine. Elektroni zikaelekea upande mmoja na matundu upande wa pili, bila kukutana. Karibu kila chembe ya mwanga wa urujuanimno iliyofyonzwa ilifanya kazi. Kichocheo hicho si cha matabaka membamba, lakini kilithibitisha kwamba kurudiana kwa elektroni na tundu si laana isiyoondoka.

Katika karatasi za vipimo viwili lengo hilo hilo hutafutwa kwa kulaza tabaka la mada moja juu ya tabaka la mada nyingine. Mpangilio ukiwa sahihi, elektroni hubaki tabaka la juu na tundu hushuka la chini. Kuna pia mpangilio wa Z, ambamo vichocheo viwili vyenye ngazi fupi hupokezana kazi, kimoja kikitoa oksijeni na kingine haidrojeni. Mpangilio huo haukubuniwa maabara. Jani la muhogo hufanya hivyo kila asubuhi.

Kwa kuwa idadi ya mada zinazoweza kulazwa pamoja ni kubwa mno kujaribiwa moja moja, sehemu kubwa ya ubunifu siku hizi huanzia kwenye kompyuta. Mtafiti hukokotoa kimo cha ngazi na mahali iliposimama kabla ya kugusa tanuri. Hii ni habari njema kwa nchi zetu, maana kompyuta na mafunzo ni rahisi kupatikana kuliko mitambo ya mabilioni. Shule ya Afrika ya Mbinu za Ukokotoaji wa Muundo wa Elektroni, iliyoanza mwaka 2010, imewahi kufanyika Eldoret nchini Kenya mwaka 2012 na Addis Ababa mwaka 2018. Hapa nchini, Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela jijini Arusha ina skuli inayojumuisha sayansi ya mada, nishati, maji na mazingira.

Hesabu ya hekta moja Kibaha

Maelezo ya maabara hayatoshi bila hesabu ya shambani. Mwaka 2021 watafiti wa Japani walitangaza mfumo mkubwa uliowekwa nje: vipande 1,600 vya kichocheo vilivyounganishwa hadi kufikia mita za mraba 100. Ulifanya kazi kwa miezi kadhaa, ukatenganisha haidrojeni na oksijeni kwa usalama, na ufanisi wake wa juu ulikuwa asilimia 0.76. Maana yake ni kwamba katika kila uniti 100 za jua zilizoingia, chini ya uniti moja iligeuka kuwa haidrojeni. Sababu kuu ni ileile ya mwaka 1972: kichocheo kilitumia urujuanimno pekee.

Tuseme mfumo kama huo umewekwa Kibaha, mahali penye uniti 5 za jua kwa mita ya mraba kwa siku. Mita moja ya mraba ingetoa gramu 1.2 hivi za haidrojeni. Hekta nzima ingetoa takribani kilo 11.5 kwa siku na kutumia lita 104 za maji, yaani nusu tu ya pipa la lita 200. Sasa chukua hekta hiyo hiyo, iezeke kwa paneli za kawaida za umeme wa jua zenye ufanisi wa asilimia 20, na umeme huo uupeleke katika mtambo wa kuchanganua maji unaotumia uniti 53 kwa kila kilo. Utapata gramu 19 kwa kila mita ya mraba, karibu mara 16 zaidi.

Hesabu hii inasema mambo mawili ambayo mara nyingi hupotoshwa. La kwanza ni kwamba maji si kikwazo. Wapo wanaohofu kwamba haidrojeni itakausha Ruvu, na hofu hiyo ina chimbuko: Oktoba 2022 ukame ulipopunguza maji ya mto huo, mgao wa maji ulitangazwa Dar es Salaam na maeneo jirani, na Serikali inajenga Bwawa la Kidunda litakalohifadhi lita bilioni 190 ili hali hiyo isijirudie. Lakini hata kichocheo kikifikia ufanisi wa asilimia 10, hekta moja ingetumia lita zipatazo 1,400 kwa siku. Kinachohitaji kuangaliwa ni usafi wa maji kuliko wingi wake. Tope la masika na mabaki ya mimea huziba uso wa kichocheo, na matundu huishia kuunguza uchafu badala ya kutoa oksijeni.

La pili ni kwamba hata asilimia 10, kiwango ambacho watafiti wengi hukitaja kama shabaha, kingetoa gramu 15 kwa mita ya mraba, bado chini kidogo ya paneli na mtambo wake. Kichocheo cha mwanga hakiwezi kushinda kwa nguvu. Kitashinda, kama kitashinda, kwa bei: unga unaopakwa juu ya kioo kama chokaa, bila nyaya, bila vidhibiti vya umeme. Kila hatua inayoongeza gharama ya unga huo inaondoa sababu ya kuwapo kwake. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walifikia asilimia 9.2 ndani ya maabara na 6.2 chini ya jua la nje, lakini kwa mwanga uliokusanywa kwa lenzi na kwa mada za indiamu na galiamu zinazotengenezwa kwa mitambo ghali. Ufanisi huo ni wa kupongezwa. Unga wa kupaka ukutani haujapatikana.

Udongo wa Pugu unafaa nini

Sasa turudi Kisarawe. Kaolini ni madini ya matabaka kweli. Kila tabaka, lenye unene wa takribani nanomita 0.7, ni karatasi ya silikoni na oksijeni iliyoshikana na karatasi ya alumini. Ndiyo maana udongo huo ukilowa huteleza. Je, unaweza kuwa kichocheo cha mwanga unaoonekana? Hapana, na ushahidi ni weupe wake: kitu cheupe hurudisha mwanga unaoonekana badala ya kuufyonza. Ngazi yake ni ndefu mno.

Hata hivyo una kazi. Karatasi za kaboni nitraidi au titani dioksaidi zina tabia ya kugandamana, na zikiwa katika maji husombwa. Kaolini huweza kuwa mbebaji: chembe za kichocheo hubandikwa juu ya matabaka yake, hutenganishwa na kushikiliwa, na udongo ukishafinyangwa na kuchomwa huwa kigae chenye vinyweleo. Matumizi ya kaolini kama mbebaji wa titani dioksaidi yanafahamika duniani, hasa katika kusafisha maji machafu kwa mwanga, kazi iliyo rahisi kuliko kutoa haidrojeni na ambayo inaweza kufika sokoni mapema zaidi. Udongo wa Pugu una mchanga mwingi ndani yake, kwa hiyo ni lazima uoshwe na kuchujwa kwanza. Mabaki ya chuma nayo yakiachwa huweza kunasa elektroni. Mkoa wa Pwani tayari una viwanda vya vigae Mkuranga na Chalinze, hivyo ufundi wa kuchoma udongo kwa kipimo si mgeni hapa.

Titani nayo haiko mbali. Mchanga wa Fungoni, Kigamboni, una ilmenaiti, madini yanayobeba titani na chuma. Kutoka ilmenaiti hadi titani dioksaidi safi kuna safari ya kiwanda cha kemikali chenye asidi na taka zinazohitaji usimamizi mkali. Sheria ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili ya mwaka 2017 inasisitiza kwamba malighafi zichakatwe nchini. Katika suala hili uchakataji una tofauti kubwa ya thamani: tani ya kaolini ghafi, tani ya kaolini iliyooshwa, na kigae kilichopakwa kichocheo si bidhaa za daraja moja, ingawa vyote vimetoka katika kilima kimoja.

Ieleweke pia kwamba kilima hicho kimepakana na msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi, ambao kwa miongo mingi umekatwa kwa ajili ya mkaa unaouzwa Dar es Salaam. Wapo wanaotarajia haidrojeni kuwa mbadala wa mkaa jikoni. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Njia zinazopatikana kwa kazi hiyo ni umeme, gesi na majiko banifu. Haidrojeni inayotokana na vichocheo vya mwanga haitafika jikoni ndani ya muda huo, tena ikichanganyika na hewa kwa kiwango chochote kati ya asilimia 4 na 75 huweza kulipuka. Mahali pake pa kwanza ni kiwandani, kwenye mbolea.

Namna ya kusoma tangazo la ugunduzi

Matangazo ya vichocheo vipya hutoka karibu kila wiki duniani, na mengi husema ufanisi umeongezeka mara kadhaa. Msomaji anaweza kuuliza maswali machache yasiyohitaji shahada. Je, oksijeni nayo ilitoka, kwa uwiano wa moja kwa mbili na haidrojeni? Majaribio mengi, likiwamo lile maarufu la kaboni nitraidi la mwaka 2009, huongeza kemikali inayojitoa mhanga kumeza matundu, ili haidrojeni itoke kwa urahisi. Huo ni utafiti halali, lakini si kutenganisha maji, kwa sababu kemikali hiyo hutumika na kuisha, na huwa na bei kuliko haidrojeni iliyopatikana. Je, mwanga uliotumika ni wa jua au wa taa ya urujuanimno? Je, ufanisi umetajwa kwa mwanga wote wa jua au kwa rangi moja tu? Na kichocheo kilidumu saa ngapi kabla ya kuchoka? Karatasi nyembamba zina uso mwingi, na uso mwingi una maana ya mahali pengi pa kuliwa na maji na mwanga. Molibdeni disalfaidi, kwa mfano, huweza kuoksidishwa taratibu na matundu yake yenyewe.

Kwa vijana wa Shule ya Sekondari Kibaha, Minaki iliyoko Kisarawe, na shule nyingine za tahasusi za sayansi, uwanja huu unahitaji kemia, fizikia na hisabati kwa pamoja. Wanaofanya vizuri zaidi katika masomo hayo kidato cha sita wanaweza kunufaika na ufadhili wa Samia Scholarship ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, na miradi ya utafiti huratibiwa na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Jaribio la kwanza linaloweza kufanywa na maabara ya kawaida ya chuo halihitaji kutoa haidrojeni hata kidogo: ni kuosha kaolini ya Pugu, kuibandika kaboni nitraidi, kuiweka juani katika maji yenye rangi ya nguo, na kupima rangi hiyo inachukua dakika ngapi kufifia, ikilinganishwa na chombo cha pili kilichofunikwa gizani.